Kituo cha hali ya hewa cha nyumbani: vipimo safi, utabiri wa kubahatisha

Kwa mwenye haraka: kama unatafuta kifaa cha kukuambia kesho utoke na mwavuli au uuache, usinunue hiki. Redio na simu zitakufaa zaidi, maana nyuma ya utabiri wao kuna setilaiti, maputo ya kupimia anga na kompyuta kubwa zinazokokotoa mwenendo wa hewa ya dunia nzima. Lakini kama unataka kuona kwa macho yako hewa inavyofanya kazi zake, saa kwa saa, hapo hapo unapoishi, basi sijakutana na kifaa cha nyumbani kinachokikaribia.

Jina la kiwanda sitalitaja, wala halitakusaidia sana. Vituo hivi vinafanana mno, mara nyingi kinachobadilika ni nembo tu. Changu ni kile cha kawaida: kichwa cheupe cha plastiki kinachokaa nje juu ya mlingoti, kikiwa na vikombe vitatu vya kupimia kasi ya upepo, mshale wa kuonyesha upepo unatoka wapi, kipimamvua, sensa ya joto na unyevu iliyofichwa katikati ya visahani vyeupe vilivyopangana, na paneli ndogo ya sola juu yake. Ndani kuna kioo cha kutundika ukutani kinachopokea vipimo kwa mawimbi ya redio na kuvipeleka kwenye simu kwa waifai. Sensa ya mgandamizo wa hewa imo ndani ya kioo hicho, haiko nje. Kila anayekiona huniuliza kama fundi hakukosea. Hakukosea. Nyumba ina pengo kila mahali, hewa inaingia na kutoka, na mgandamizo wa sebuleni ni ule ule wa uani.

Hiyo sensa ya mgandamizo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo kiwanda kilichoitumia vibaya kuliko zote.

Kwenye kona ya kioo kuna kipicha: jua, wingu, au wingu lenye matone. Huo ndio unaoitwa utabiri. Akili yake ni nyepesi: mgandamizo ukishuka kinachora mvua, ukipanda kinachora jua. Kanuni yenyewe haikutungwa hovyo. Kwenye latitudo za kati, Ulaya kwa mfano, hali ya hewa huletwa na mifumo mipana ya mgandamizo mdogo na mkubwa inayosafiri kutoka magharibi kwenda mashariki. Dhoruba kubwa ikikaribia, sindano ya barometa, yaani kifaa cha kupima mgandamizo, inaweza kushuka hektopaskali (kizio cha mgandamizo) 20 au zaidi kwa siku moja. Anayekaa huko akiiona inashuka namna hiyo, ana haki ya kufunga madirisha.

Mimi niko ndani ya tropiki, na huku mgandamizo hauna safari ndefu hivyo. Nguvu ya Coriolis, ile inayopindisha upepo kwa sababu dunia inazunguka, inapungua kadiri unavyoikaribia ikweta, na kwenye ikweta yenyewe inakuwa sifuri. Pasipo kupindishwa, hewa inatoka penye mgandamizo mkubwa na kwenda moja kwa moja penye mdogo, ikiliziba pengo kabla halijakua. Ndiyo maana hata vimbunga kwa kawaida havizaliwi jirani kabisa na ikweta. Vinahitaji kuwa mbali nayo angalau kama nyuzi tano za latitudo ndipo vipate nguvu ya kuzunguka. Basi mgandamizo wangu, siku na siku, unabadilika kiduchu tu.

Kinachobaki kwenye grafu ni kitu kingine kabisa. Mstari unapanda na kushuka mara mbili kila siku, kwa saa karibu zile zile: kilele kwenye saa nne asubuhi, bonde kwenye saa kumi jioni, kilele cha pili saa nne usiku, bonde la pili saa kumi alfajiri. Kati ya kilele na bonde kuna hektopaskali tatu hivi. Pawe na jua, pawe na wingu, mstari unafuata ratiba yake. Angahewa nayo inajaa na kupwa kama bahari, ila mkuu wa shughuli hapa ni jua. Mchango wa mwezi ni mdogo mno. Mvuke wa maji huku chini na ozoni kule juu kwenye stratosfia vinanyonya mionzi ya jua, hewa inapata joto na kutanuka, na wimbi linalozaliwa linaizunguka dunia likilifuata jua. Wimbi hilo lipo hata Ulaya, ila huko limefunikwa na panda-shuka za dhoruba. Ni huku kwenye tropiki linakoonekana peupe.

Sasa kiulize kile kipicha maoni yake. Kila alasiri mgandamizo unashuka, kinanitabiria mvua. Kila usiku unapanda, kinanitabiria jua. Kimefanya hivyo kiangazi na masika bila aibu yoyote, na hakuna mahali kwenye menyu pa kukizima. Nimekibandikia utepe.

Malalamiko mengine ninayoyasoma ya wateja, kwamba barometa "inasoma chini mno," mengi hayatokani na ubovu. Watu hawajaingiza mwinuko wa mahali walipo. Kifaa kina namba mbili: mgandamizo halisi, na ule uliorekebishwa kana kwamba uko usawa wa bahari. Ukiwa mita 1,500 juu ya bahari utasoma kiasi cha hektopaskali 845, wakati wastani wa pwani ni 1,013, na hakuna kilichoharibika. Mgandamizo ni uzito wa hewa iliyo juu yako. Pwani, safu ya hewa iliyosimama juu ya eneo la mita moja ya mraba ina uzito wa tani kumi hivi; ukipanda mlima, sehemu yake unaiacha chini. Florin Périer alilithibitisha hilo tarehe 19 Septemba 1648 alipopanda Puy de Dôme huko Ufaransa na mrija wa zebaki, kwa ombi la shemeji yake Blaise Pascal, akaona zebaki imeshuka. Leo huhitaji mlima wala zebaki. Kibebe kioo kutoka sakafu ya chini ya jengo hadi ghorofa ya tatu, subiri kidogo, na namba itapungua kwa hektopaskali moja hivi, kwa sababu karibu na usawa wa bahari kila mita nane au tisa zina hektopaskali yake. Kwa kifaa cha sebuleni, huo ni wepesi wa kuhisi unaostahili pongezi. Januari 15, 2022, volkano ya Hunga Tonga ilipolipuka katika Pasifiki, wenye vituo vya namna hii duniani kote waliona mstari ukiruka ghafla kwenye grafu zao wimbi la mgandamizo lilipowapitia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa. Wapo waliolipata tena na tena, maana liliizunguka dunia zaidi ya mara moja.

Ukurasa ninaoufungua mara nyingi kuliko yote, hata hivyo, si wa mgandamizo. Ni wa usiku, mstari wa joto ukiwa pamoja na mstari wa kiwango cha umande. Kiwango cha umande ni joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo, mvuke wake unaanza kugeuka maji. Ni kipimo chenye maana kuliko asilimia ya unyevu ambayo kioo changu kimeiandika kwa tarakimu kubwa. Asilimia inapanda usiku na kushuka mchana hata kama maji yaliyomo hewani hayajaongezeka wala kupungua, kwa sababu inategemea joto. Kiwango cha umande kinakuambia maji yenyewe. Kwangu kimefichwa ndani ya menyu, hatua tatu za kubonyeza, uamuzi wa ajabu.

Chukua usiku mkavu wa anga safi. Jua linazama joto likiwa nyuzi 27. Ardhi inatoa joto lake kwenda juu kwa mionzi isiyoonekana, na mstari unaporomoka: 24, 22, 20. Kiwango cha umande kimejikalia kwenye 18. Mstari wa joto unapokifikia, kasi inakatika. Hauporomoki tena, yote miwili inateremka polepole, bega kwa bega, hadi alfajiri, na nje nyasi zimelowa bila mvua. Kilichoshika breki ni umande wenyewe. Kila kilo ya mvuke inapogeuka maji inarudisha kilojuli 2,500 hivi, lile joto lililotumika kuigeuza mvuke huko ilikotoka, pengine baharini mamia ya kilomita. Joto hilo la siri ndilo linaloinua mawingu ya radi na kuvipa vimbunga nguvu. Mimi nalipata kwenye kona ndogo ya mstari, usiku wa manane.

Kisha linganisha na usiku wa mawingu mazito. Joto linaanza na 27, na saa sita za usiku bado liko 24. Wingu linameza mionzi ya ardhi na kuirudisha kiasi chake chini. Mvuke na hewa ukaa vinafanya kazi ya aina hiyo hiyo bila kuonekana, usiku na mchana. Wastani wa joto la uso wa dunia ni nyuzi 15 hivi. Pasipo gesi hizo ungekuwa kiasi cha nyuzi 18 chini ya sifuri. Habari za gesijoto nilizisikia tangu shuleni, nikazijibu kwenye mtihani, nikapita. Grafu mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine zilinieleza zaidi ya mwalimu, naye asinisikie.

Asubuhi ina mambo yake pia. Usiku tulivu vikombe vya upepo vinasimama kabisa. Hewa ya chini imepoa, imekuwa nzito, imelala juu ya ardhi, na upepo unaovuma mita mia kadhaa juu hauwezi kuifikia. Jua likipanda, ardhi inapata moto, hewa ya chini inaanza kupaa, na ile ya juu inashuka kuchukua nafasi ikiwa na kasi yake. Kwangu vikombe huanza kuzunguka kati ya saa tatu na saa nne, na kwa siku nyingi kiwango cha umande kinashuka papo hapo, kwa kuwa hewa inayoletwa kutoka juu ni kavu zaidi. Mistari miwili inabadilika pamoja, na ukishalijua hilo huwezi tena kuutazama upepo wa asubuhi kama ulivyokuwa ukiutazama.

Radi nayo ina saini yake. Kabla ya tone la kwanza, joto linaanguka nyuzi tano au zaidi ndani ya dakika chache, mshale wa upepo unageuka ghafla, vikombe vinapiga kelele, na mgandamizo unaruka juu, hektopaskali moja au mbili. Mvua inayoshuka kutoka kwenye wingu inavukizwa kiasi njiani, inapoza hewa, na hewa hiyo nzito inaanguka na kutawanyika pande zote ikitangulia mvua yenyewe. Tazama: mvua imefika na mgandamizo umepanda, kinyume kabisa cha ile kanuni ya kipicha. Ili ulione tukio hili, badilisha muda wa kuhifadhi vipimo uwe dakika moja. Kwa mpangilio wa kiwandani wa nusu saa, radi nzima inaingia kati ya nukta mbili na kupotea.

Kipimamvua ndicho sehemu dhaifu. Ndani ya faneli kuna kijikasha cha pande mbili kinachocheza kama pembea: upande mmoja ukijaa unapinduka, sumaku inahesabu, upande wa pili unaanza kujaa. Mvua ya kawaida inapimwa vizuri. Mvua kubwa ikimwagika, kijikasha hakiwahi, maji yanapita wakati kinapinduka, na jumla inatoka pungufu. Buibui wanapapenda mno mle ndani, na ndege wanapenda kukaa juu ya faneli, kwa matokeo unayoyajua. Nimekiwekea jirani kipimo cha bomba la plastiki lenye alama za milimita, lisilo na betri wala waifai, na kila vipimo hivyo viwili vikipingana naliamini bomba. Milimita moja ni lita moja kwa mita ya mraba. Hesabu hiyo haihitaji umeme.

Joto la mchana nalo lipokee kwa tahadhari. Visahani vyeupe vinaikinga sensa na jua ilimradi upepo unapita. Saa saba mchana, upepo ukitulia, plastiki inajipasha na namba inapanda nyuzi moja au mbili kuliko ukweli. Kuna na tatizo la mlingoti mmoja. Vituo rasmi hupima joto kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi yenye nyasi, na upepo kwenye mita 10 mahali pa wazi. Kichwa kimoja hakiwezi kukaa kotekote, kwa hiyo ukikiweka chini upepo wako ni wa uongo, ukikiweka juu ya paa joto lako ni la bati. Ningekuwa nanunua leo ningechukua kile ambacho sensa ya joto imetenganishwa na ya upepo, hata kama kina nyaya na vikorokoro zaidi.

Niliongeza sensa ya hewa ukaa ya ndani, inayouzwa peke yake. Kwa chumba, ni nzuri sana. Dirisha likifungwa usiku kucha, namba inapita chembe 1,500 kwa kila chembe milioni za hewa. Fungua dirisha na ndani ya muda mfupi inashuka hadi 500 na kitu. Tatizo ni maelezo ya kwenye boksi yanayodai sensa hii "inafuatilia mabadiliko ya tabianchi." Haiwezi. Sensa nyingi za aina hii hujirekebisha zenyewe: zinachukua kipimo cha chini kabisa cha siku kadhaa zilizopita na kudhani hicho ndicho hewa ya nje, kwa thamani iliyokwisha kuandikwa kiwandani, kwa kawaida 400. Wakati hewa ya nje halisi imeshapita 420. Charles David Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama 315, na kabla ya viwanda ilikuwa 280 hivi. Kupanda huko kulionekana kwa sababu alichagua mlima wa mbali na miji na kukilinganisha kipimo chake na gesi iliyopimwa kwa uangalifu. Sensa inayojirudisha kwenye 400 kila wiki isingeona kitu hata ikae ukutani karne nzima.

Programu ya simu ina kosa la jamaa hiyo hiyo. Ina ukurasa ulioandikwa "Tabianchi" ambao unalinganisha mwezi huu na mwezi uliopita. Huo ni mchezo wa misimu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatumia wastani wa miaka 30, sasa ule wa 1991 hadi 2020, ili mwaka mmoja wa ukame au wa mafuriko usitawale picha. Shirika hilo hilo limeueleza mwaka 2024 kuwa na joto la nyuzi 1.55 hivi juu ya wastani wa 1850 hadi 1900. Nyuzi 1.55 kwa dunia nzima ni mabadiliko makubwa mno. Hewa ikipata joto nyuzi moja inaweza kubeba mvuke asilimia 7 zaidi, na mvuke huo ndio unaorudi kwa mvua za kumwagika. Lakini plastiki yangu inaweza kukosea nyuzi moja na nusu kwa sababu upepo umetulia tu. Kiwanda kingeuita ukurasa huo "Mwezi kwa mwezi" kisingekuwa na ugomvi na mimi.

Uimara: paneli ya sola inatosha, betri za akiba sijazigusa kwa muda mrefu. Vikombe vinaendelea kuzunguka vizuri baada ya kupigwa na mvua za misimu. Takwimu zinakaa kwenye hifadhi ya kiwanda mtandaoni na ukitaka kumbukumbu ya zaidi ya mwaka unalipia, jambo linalonikera kwa vipimo vilivyotoka uani kwangu. Kuna matoleo yenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu kwenye kioo, chukua hilo.

Kinachozeeka kwanza ni sensa ya unyevu. Ikishalowa mara nyingi inaanza kung'ang'ania 99 hata jua likiwa limetoka, na ikishafika hapo kiwango cha umande hakina maana, yaani ule ukurasa wa usiku umekwenda. Kwangu ilianza dalili hizo, na nilichogundua ni kwamba kwenye toleo langu sensa hiyo imechomekwa tu kwa soketi, inauzwa peke yake, na kubadilisha ni kazi ya bisibisi moja. Kwenye matoleo mengine imeunganishwa moja kwa moja na bodi, ikifa unanunua kichwa kizima. Muuzaji muulize hilo kabla hujauliza kitu kingine chochote, na akisema hajui, mwambie afungue boksi mtazame pamoja.